Pua ya Opiyo

Nyalenda, Kisumu
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Pacha,

Hatujambo huku, ila jua la Januari linatuchoma. Ujumbe wako kuhusu Opiyo kutokwa na damu puani ulinidundisha moyo. Naijua hofu hiyo: shati la shule limelowa damu, mtoto analia, na majirani wanataka alazwe chali amwagiwe maji utosini.

Dada, usimrudishe kichwa nyuma tena. Damu haikomi hivyo, inabadilisha njia tu. Inateremka kooni, anaimeza, tumbo linachafuka. Ndiyo maana alitapika damu ukadhani ameumia ndani. Mketishe wima, ainame mbele kidogo, kisha umbane pua pale palipo laini, chini ya mfupa, matundu yote mawili. Wengi hubana juu kwenye mfupa, na huko hawazuii chochote. Apumue kwa mdomo, na damu ikifika mdomoni aiteme. Mbane dakika 10 kamili kwa saa ya simu, bila kuachia. Najua mkono utawasha kutaka kuchungulia. Usichungulie! Damu iliyoanza kuganda hubanduka na kazi yote huanza upya. Ikiendelea, rudia dakika 10 nyingine.

Mara nyingi damu hutoka mbele tu, kwenye ukuta unaogawa pua, ambapo mishipa midogo mingi imekutana chini ya ngozi nyembamba. Nanyi mmetoka kwenye unyevu wa ziwa mkapanda Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, msimu wa upepo mkavu na vumbi. Pua inakauka, inafanya magamba, mtoto anachokora. Mkate kucha. Mpake Vaseline kidogo ndani ya tundu, asubuhi na kabla ya kulala, na akishatokwa na damu asipenge siku hiyo.

Lakini ikipita nusu saa, au ameanguka akagonga kichwa, au amepauka na ana kizunguzungu, mpeleke hospitali usiku huohuo. Vilevile ukiona fizi zinatoka damu au alama za michubuko asizojua zimetoka wapi. Na mama mkwe wako, kwa kuwa anameza dawa za kuzuia damu isigande, yeye asikae nyumbani kungoja nusu saa. Tafadhali mwambie.

Odongo, pacha wake, naye mpake, hata kama pua yake bado nzima. Nitapiga simu Jumatano ukitoka kazini.

Ni mimi, jirani yako wa zamani