Wifi yangu wa Dar, umeniuliza kama sichoki

Wifi,

Juzi uliponipigia uliniuliza mara tatu kama sichoki kukaa huku Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mara ya tatu nikajifanya mtandao unakata. Ulikuwa safi tu, ila nilikosa jibu, na limenijia siku mbili baadaye nikichambua dagaa. Naliandika hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako uliyestaafu na miaka yako 60, kiinua mgongo mkononi, usiku hulali unapiga hesabu za mabanda ya kuku.

Unajua nilivyokuwa. Saa kumi na moja alfajiri niko mwaloni Kibirizi, kanga kiunoni, nagombea ndoo na wasichana wanaolingana na binti yangu. Wakati wa giza mitumbwi inarudi na dagaa, unawaanika, wakikauka unawafunga gunia. Mbalamwezi ikiingia wavuvi wanabaki nyumbani, maana taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi mpevu. Wenzangu siku hizo walisukana, walikwenda harusini. Mimi niliuchukia mwezi, wifi. Ukizama alfajiri kuelekea milima ya Kongo, ziwa lote linameta, nami naona hasara tu.

Halafu 2024 uvuvi ukafungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Mwanangu akanifariji: "Mama, hata ziwa linahitaji kupumzika." Nikamwambia ziwa halina marejesho ya mkopo wa VICOBA.

Wiki za kwanza nilikuwa mkali, hata kuku walinikwepa. Nilifagia uwanja mara tatu kwa siku. Kuna bibi jirani yetu, yule aliyekufundisha kusuka mkeka, akawa anapita kwenda kwa wakamuaji wa mawese. Siku moja nikamsindikiza ili tu nitoke ndani. Ikawa kila siku. Tunakaa pembeni ya pipa, tunangoja mafuta yapande juu, na hayaharakishwi kwa kelele wala kwa pesa. Nimepikia mawese tangu nitoke kwa mama yangu, lakini sikuwahi kukaa nikayanusa yakiwa bado ya moto.

Nikamwuliza bibi alianza lini kuridhika. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hajaanza. Goti linamuuma, mjukuu wake hapigi simu, na bado anatamani kwenda Bujumbura kumwona dada yake. "Ila siku hizi," akasema, "nikitamani, natamani nikiwa nimekaa."

Hilo ndilo jibu lako. Nimelibeba hadi leo.

Usidhani nasifia umaskini. Marehemu kaka yako aliniachia vyumba viwili vya kupangisha kule Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kwa hiyo miezi ile ugali haukukosekana. Kuna mwenzangu wa mwaloni ana watoto wanne na hana hata kibanda. Ukimwambia huyo aridhike atakurushia ndoo, na mimi nitamwokotea airushe tena. Moyo hautulii tumbo likinguruma.

Ziwa lilipofunguliwa nilirudi Kibirizi, ila sirudi tena alfajiri. Naenda jua limechomoza, nanunua ndoo moja au mbili za waliobaki, bei ikinishinda narudi mikono mitupu na naimba njiani. Wivu ungalipo. Mwezi uliopita nilisikia fulani, unamjua, amepandisha ghorofa. Nikakodolea dari macho hadi saa nane usiku. Asubuhi nikachemsha chai ya mchaichai, nikaenda kumwona bibi, tukamsengenya kidogo huyo mwenye ghorofa, nikapata nafuu. Sijawa malaika.

Kuhusu hayo mabanda ya kuku, sikuzuii, pesa ni zako. Ninachoomba uje kwanza, kabla hujamlipa fundi. Usipande ndege. Panda treni, uzihisi hizo kilomita zaidi ya 1,200 kiunoni, na mkifika Tabora uninunulie asali lita moja. Ionje kabla hujalipa, wapo wanaochanganya sukari. Na uangalie kalenda, uje wakati wa mbalamwezi. Wakati wa giza bado nina shughuli.

Halafu ungo wangu ulioondoka nao msiba ulipoisha, wifi, sijausahau. Njoo nao.