Tulishaonja kura isiyo na karatasi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka thelathini sasa na sijawahi kukuandikia. Ile taarifa yenu ya wiki jana, eti tukipiga kura kwa simu wizi utakwisha, imenishinda kunyamazia.

Mwandishi anauliza: kama pesa twatuma kwa simu, kura ina ugumu gani? Nikituma pesa, mtambo unajua ni mimi, ni ngapi na zimekwenda kwa nani. Zikipotea naonyesha ujumbe. Kura haitakiwi kujua jina langu. Na mkiniletea ujumbe wa kuthibitisha niliyemchagua, anayenunua kura naye atataka auone kabla hajatoa hongo yake.

Mwaka 1988, kwenye mchujo wa KANU, chama tawala wakati ule, nilipiga kura ya mlolongo: nilisimama foleni nyuma ya picha ya niliyemtaka. Siri haikuwapo: naibu chifu alisimama kando na daftari la shule, akiandika. Miezi miwili baadaye nikaenda kumwombea mdogo wangu barua ya kitambulisho. Akafungua daftari lile lile, akashusha kidole hadi jina langu, akasema, "Nenda kwa yule uliyesimama nyuma yake akuandikie." Mdogo wangu alikaa mwaka mzima bila kitambulisho, Mhariri! Na uthibitisho je? Sote tuliuona mstari wetu ulivyokuwa mrefu, kisha tukasikia wa mstari mfupi ndiye mshindi. Tungehesabu nini tena? Watu walishatawanyika, wengine wako shambani wanachuma chai. Karatasi haikubaki hata moja. Sasa mnataka turudi huko huko, safari hii hata mstari wenyewe tusiuone.

Ujerumani, Mahakama ya Katiba ilizikataa mashine zao za kupigia kura mwaka 2009, ikasema mwananchi asiye mtaalamu lazima aweze kukagua hesabu. Kwetu Kenya mwaka 2017, kwenye kesi ya urais, Mahakama ya Juu iliagiza seva za tume ya uchaguzi, yaani kompyuta zinazohifadhi matokeo, zifunguliwe na amri haikutimizwa ipasavyo. Zilizokaguliwa ni fomu za karatasi za matokeo.

Tena sisi wazee huduma za serikali mtandaoni twafanyiwa na kijana wa saiba, duka la intaneti. Nywila yangu anaijua yeye, mimi siijui. Ndiye atakayenipigia kura?

Mashine ihesabu ikitaka, lakini karatasi niitie alama mwenyewe na iingie sandukuni. Jioni hiyo, katika kila eneo bunge, watoto wa darasa la sita wachote majina ya vituo 10 vya kupigia kura kwenye ndoo mbele ya mawakala wa wagombea, na kura za vituo hivyo zihesabiwe kwa mkono uwanjani, kila karatasi ikiinuliwa juu. Hesabu zikipishana, eneo zima lihesabiwe upya hata kukikucha. Taa ya karabai nitaleta mimi.

Mpiga kura mzee,
Limuru