Kwa mpwa wangu wa Nakuru, uliyetwikwa busaa ya Agosti

Mpwa wangu,

Mulembe. Nimesikia wazee wamekukabidhi busaa ya tohara ya mdogo wako, nawe umeuliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: busaa ni nini hasa? Naijibu hadharani kwa kuwa Agosti hii si wewe peke yako uliyetwikwa mzigo huo.

Pombe ni jina la jumla. Bia ya chupa ni pombe, muratina ni pombe, chang'aa ni pombe. Busaa ni unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa, kisha ukachachushwa mara ya pili pamoja na kimea cha wimbi. Ukiipika tena na kukinga mvuke wake, hiyo si busaa tena, ni chang'aa, na sitakufundisha kuipika. Wala usiwaambie Wateso wa Amagoro kwamba ajon yao ndiyo busaa. Mirija ya kunywea yaweza kufanana, lakini ajon ni ya wimbi na hutiliwa maji moto chunguni watu wakiendelea kunywa.

Sasa hesabu siku, tena kwa kurudi nyuma. Siku ya khuchukhila, mtahiriwa anapomwaga maji kwenye unga, haisogezwi kwa sababu kimea chako hakijakauka. Anza wiki mbili kabla. Mvua za Julai huku Bungoma hazijali ratiba ya mtu.

Kimea ndicho kila kitu. Busaa ikigoma kuchacha watu husema kuna jirani mwenye jicho baya. Mimi huuliza kwanza kimea kilitoka wapi. Nunua wimbi wa msimu huu, gorogoro mbili, yaani yale makopo ya kilo mbili. Wimbi wa zamani au uliotiwa dawa ya wadudu usiuguse: wa kwanza hauoti, wa pili ni sumu. Upepete, uoshe, uloweke usiku kucha, kisha uchuje na kuumimina kwenye gunia la katani lililolowa. Funika kwa majani ya mgomba, uweke kivulini. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, na kila unaponyunyizia ingiza mkono ndani ugeuze. Usipogeuza, katikati hupata joto na kuoza huku pembeni hakujaota. Siku ya pili au ya tatu utaona vimizizi vyeupe vimeshikana kama uzi. Vikifika urefu wa ukucha, acha. Ukingoja majani ya kijani yatokeze, mche umeshakula ile nguvu uliyoitaka.

Nguvu yenyewe ni vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Bila sukari hamira haina cha kula. Kwa hiyo kimea huanikwa juani, hakikaangwi, maana moto mkali huviua vimeng'enya hivyo. Anika kwa tabaka jembamba siku mbili tatu, kisha peleka kisiagi. Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa waridi, tupa wote. Usidanganywe kwamba moto utausafisha: sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi kwa kukaangwa wala kwa kuchacha. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 upande wa Ukambani, na yalikuwa yamepikwa vizuri kabisa.

Kimea kikiwa juani, kanda unga. Gorogoro sita za unga wa kisiagi usiochekechwa, maji kidogo kidogo mpaka ushikane ukiufinya na uvunjike ukiuachia. Shindilia kwenye beseni la plastiki, funika, uache siku tatu. Uwe na harufu ya uchachu safi, kama uji uliolala. Ukinuka kitu kilichooza, maji yalizidi.

Kukaanga ndiko kunakochosha. Bati nene la pipa lililopasuliwa, mafiga matatu, na koleo safi lisilojua samadi. Usikaange donge zima. Livunje kwa mikono kwanza, ukaange kidogo kidogo, ukigeuza bila kupumzika mpaka chenga ziwe rangi ya kahawia na zilie kavu juu ya bati. Zikiwa nyeupe ndani, busaa itakuwa na ladha ya unga mbichi. Zikiungua, uchungu wake hautoki hata uongeze kimea mara mbili. Pipa liwe lililobeba mafuta ya kula, si dawa za shamba.

Zikipoa kabisa, changanya na kimea na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mitungi miwili ya lita 20. Maji ya moto yataua hamira inayokuja na kimea, nawe utabaki na uji mtamu. Tumia chungu au pipa la plastiki la chakula. Ndoo za mabati hapana, maana uchachu humumunya zinki. Funika kwa kitambaa, usikaze kifuniko, kwani hewa inayotoka itapasua chombo. Kisumu siku mbili zinatosha. Webuye ni tatu, na kwenye baridi ya Kitale huenda nne. Ipo tayari mapovu yanapopungua na utamu unapoisha mdomoni. Ikitoka vizuri, ukali wake haupiti ule wa bia ya kawaida. Hilo wageni husahau kwa sababu inateleza.

Chuja kwa gunia safi siku ile ile ya kunywa. Ya wazee wa chungu usichuje. Wao wana lusekhe zao, mirija mirefu yenye kichujio mwishoni, wewe kazi yako ni kuzichemsha kabla. Kesho yake itakuwa chachu, keshokutwa ni siki. Atakayekuletea "kitu cha kuongezea makali," mfukuze. Nafaka peke yake haitoi methanoli, ile pombe ya viwandani yenye sumu, ya kutosha kupofusha mtu; methanoli hutiwa. Mgeni akianza kuona ukungu machoni, hata ikiwa ni siku ya pili, si ulevi huo: hospitali mara moja.

Kwa sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, kuuza bila leseni ni kosa, kwa hiyo usikubali hela hata ya kikombe kimoja, na aliye chini ya miaka 18 asipewe. Chifu ajue mapema.

Machicha mpe ng'ombe, lakini debe moja usimpe kwa mkupuo. Atalewa, na mwenye ng'ombe atakuja kwako.

Senge wako (shangazi)