Amali ianzie shule ya msingi, na mtoto apewe nafasi ya kurudia kazi

Ndugu Mhariri,

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, magazeti yamejaa habari za mkondo wa amali sekondari, yaani mafunzo ya ufundi na kazi: karakana, vifaa, walimu wa ufundi. Naunga mkono kabisa. Ila mimi ni fundi seremala hapa Mafinga, napokea vijana wanaokuja kujifunza kazi, na naona tunaanza kuchelewa. Kijana wa miaka 15 au 16 anafika karakana akiwa hajawahi kuulizwa darasani: hiki kitu kina kasoro gani, na wewe ungekirekebisha vipi? Kushika randa anajifunza haraka. Shida ni kufikiri kabla ya kupitisha msumeno. Anakata kwanza, halafu ndipo anatafuta futi.

Tabia hiyo hujengwa mapema, na nimeona kwa macho yangu kwamba watoto wadogo wanaiweza. Shule moja ya msingi jirani na karakana yangu iliniomba nisaidie watoto wa darasa la tano kwenye kibuyu chirizi chao. Wasomaji wengi wanakifahamu: nguzo mbili zenye panda, fito imelazwa juu yake, dumu limening'inizwa kwenye fito, na kamba imetoka kwenye shingo la dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kugusa kitu. Kwa watoto wakubwa kilifanya kazi vizuri. Wa darasa la kwanza ndio waliopata taabu, kwa sababu ncha ya kijiti ilikaa karibu na magoti yao. Walikuwa wakinyanyua mguu wanayumba, wanashika nguzo, nguzo nayo inayumba.

Mwalimu wao, dada mmoja mwenye subira sana, hakuwaambia la kufanya. Aliwapa rula na daftari akawaambia waende wakapime. Wakapima magoti ya wadogo zao, wakapima urefu wa kamba, wakarudi wakachora. Kundi la kwanza likarefusha kamba ili kijiti kishuke. Wakafunga, wakajaribu: kijiti kikagusa ardhi kabla dumu halijainama hata kidogo. Kimya. Kisha binti mmoja akachuchumaa pembeni ya kijiti, akakibonyeza kwa mkono kwenye ncha yenye kamba, akasogeza mkono hadi katikati, akabonyeza tena. Akasema, "Shikamoo fundi, hapa katikati nikibonyeza kidogo, kule mwisho kunashuka sana."

Nilisimama nikamwangalia. Ameona jambo ambalo vijana wangu wa karakana inabidi nilirudie mara nyingi. Ncha ya nyuma ya kijiti, ile iliyolala chini, ndiyo egemeo. Mguu uko katikati. Mzigo uko mwisho. Mguu ukishuka sentimita 15, mwisho wa kijiti unashuka 30. Nguvu inayotakiwa inaongezeka, ndiyo, lakini uzito wa mtoto akikanyaga unatosha. Wakarudisha kamba kwenye urefu wake wa mwanzo, nikawapa kipande cha mbao, wakakipigilia misumari katikati ya kijiti kiwe kidato. Wakachora upya. Watoto wa darasa la kwanza wakaja wakanawa mikono wamesimama wima.

Watoto hao hao huulizwa kwenye mtihani wa sayansi ni kifaa kipi kati ya hivi ni nyenzo daraja la tatu, yaani ile ambayo nguvu iko kati ya egemeo na mzigo kama kwenye kile kijiti, na jibu ni kibano. Wanalikariri. Sisemi swali hilo ni baya. Nasema mtoto aliyehangaika na kile kijiti hana haja ya kulikariri.

Hatujaanza leo kuzungumzia kazi za mikono. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 ilitaka mtoto ajengwe akili ya kudadisi, lakini katika shule nyingi tulibakiza jembe tu. Mbaya zaidi, kazi ya mikono tukaigeuza adhabu: umechelewa, fyeka, umepiga kelele, ng'oa kisiki. Mtoto anayelelewa hivyo ataipendaje? Somo la Stadi za Kazi nalo lilikuwepo kwenye ratiba, ila halikuwa kwenye mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo vipindi vyake vilikuwa vya kwanza kumegwa kwa ajili ya Hisabati. Hilo analijua kila aliyesoma wakati ule.

Wenzetu Uingereza waliliingiza somo la usanifu na teknolojia kwenye mtaala wa taifa mwaka 1990, kuanzia watoto wa miaka mitano. Mtaala wanaoutumia tangu 2014 unataka watoto wadogo watumie nyenzo, magurudumu na ekseli katika vitu wanavyotengeneza, na wakubwa kidogo waendelee na gia na roda. Unataka pia mtoto atathmini alichotengeneza na kuona namna ya kukiboresha. Hapo ndipo pananivutia. Ufini, nchi ya misitu na mbao kama Mufindi yetu, waliweka kazi za mikono kwenye shule za watu wa kawaida tangu 1866. Hawakusubiri watajirike kwanza.

Ombi langu kwa Taasisi ya Elimu Tanzania ni moja. Somo la Sanaa na Michezo na lile la Sayansi tayari yapo kuanzia darasa la tatu. Humo humo iwekwe kazi moja kila muhula inayoanza na tatizo halisi la pale shuleni: mlango wa choo usiofunga, ndoo isiyo na mfuniko, dawati linalochezacheza. Mtoto achore, atengeneze, ajaribu, achore tena. Na alama za upimaji endelevu zitolewe kwa mchoro wa pili, yaani kwa kile alichobadilisha baada ya kuona cha kwanza kimegoma. Mwalimu akisahihisha mchoro wa kwanza tu, watoto watanakili cha jirani na mchezo utaishia hapo.

Najua madarasa yamejaa na walimu wamechoka. Ndiyo maana nasema kazi moja kwa muhula, kwa makundi. Msumeno mdogo, nyundo, futi na msasa vinaweza kuzunguka kundi hadi kundi, na kazi ya kukata isimamiwe na mtu mzima. Malighafi hapa kwetu si tatizo. Tumezungukwa na misindano ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, na kwenye viwanda vya kupasua mbao mabanzi na vipande vinaishia jikoni kama kuni. Kyela watatumia mianzi, mjini Mbeya watapata maboksi na makopo. Na walimu tafadhali msiwanyang'anye watoto magari yao ya mbao na matairi ya ndala. Waulizeni usukani wake unafanyaje kazi.

Karakana yangu hutoa vipande vingi vya inchi moja, vifupi, visivyonifaa kwa fremu wala meza. Mwalimu yeyote wa Mufindi aje avichukue bure, Jumamosi asubuhi ndiyo nina nafasi. Aje pia na mchoro wa kitu ambacho watoto wake wanataka kutengeneza, ili tuchague pamoja vipande vinavyofaa na misumari ya urefu gani.

Fundi seremala,
Mafinga, Iringa