Protini imeshika DNA, lakini je, imechagua?

Wateja wengi wanaoleta protini kwenye maabara yetu ya vipimo huuliza swali moja: inashika DNA au haishiki? Jibu karibu kila mara ni ndiyo, na ndiyo hiyo haisaidii sana. Uti wa DNA umejaa fosfeti zenye chaji hasi. Protini yenye upande wa chaji chanya itanata hapo hata kama haisomi herufi yoyote ya DNA, yaani besi A, T, G au C.

La kulipia ni tofauti: inapendelea mahali pake, yaani mfuatano wake maalumu wa herufi, mara ngapi kuliko pengine? Tazama protini inayozima jeni za laktosi kwenye bakteria E. coli, ile ambayo Walter Gilbert na Benno Müller-Hill waliitenga mwaka 1966. Jenomu ya bakteria huyo, yaani DNA yake yote, ina jozi za besi kama milioni 4.6, na karibu kila jozi ni mwanzo wa mahali pengine pa kunasa. Protini ikipendelea mahali pake mara 1,000 tu, nambari inayopendeza kwenye ripoti, bado itakuwa imepotelea kwingine mara 4,600 kwa kila mara moja inapokuwa kwake.

Kipimo chetu cha kawaida ni jeli. Kipande kifupi cha DNA chenye alama inayong'aa huchanganywa na protini, kisha huvutwa kwa umeme kupitia jeli hiyo. DNA iliyo huru hukimbia mbele, iliyoshikwa hubaki nyuma, na mstari wa pili hutokea juu. Wengi hupiga picha mstari huo wakaondoka. Sisi ndipo tunapoanza: tunaongeza DNA isiyo na alama ili iigombanie protini, kwanza yenye mfuatano uleule, halafu nyingine iliyobadilishwa herufi mbili za katikati. Zote mbili zikiufuta mstari sawasawa, protini inanata tu.

Tuandikieni pia kiasi cha chumvi kwenye bafa, yaani mmumunyo wa kuchanganyia protini na DNA. Chumvi ikipungua, kunata ovyo huongezeka na tofauti huyeyuka. Tumeshapokea malalamiko kwamba maabara mbili zimetoa majibu mawili, kumbe bafa ndizo hazikufanana.

Asiyejua kabisa mahali pa protini yake huanzia kwenye mchanganyiko wa DNA za nasibu, zenye mifuatano ya kila aina ili protini ijichagulie, mbinu iliyochapishwa mwaka 1990. Ni ghali. Kama mnao mfuatano mnaoushuku, msiiagize.

Protini ije ikiwa safi, kwenye barafu kavu. DNA iliyobadilishwa tunaitengeneza wenyewe, na gharama yake imo kwenye bei.