Bima ya wote, na sisi wa kamati za zahanati tusikilizwe

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo.

Toka Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 mjadala umekua wa wizara na wataalamu tu, redioni wao gazetini wao, mpaka mtu anaona kama mabadiliko ya afya huwa yanashuka kutoka juu yakiwa yameshaiva. Mi nimekaa miaka 6 kwenye kamati ya zahanati ya kijiji chetu na hilo silikubali hata kidogo.

CHF yenyewe, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii ambao kaya inachangia ili itibiwe, ilianzia wapi? Igunga, mwaka 1996, wilaya moja tu huko Tabora, sheria yake ikaja 2001 watu wa wilayani wakiwa wameshahangaika nayo miaka mitano. Jazia, ule utaratibu wa kujazia dawa zinazokosekana, nayo hivyo hivyo. Zamani MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, wakikosa dawa kila kituo kilikua kinajitafutia dukani kwa bei ya mwenye duka, ndo huku kwetu Dodoma mwaka 2014 watu wa mkoa, halmashauri na mradi wa Waswisi wakakubaliana mkoa mzima uwe na mshitiri mmoja, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeingia mkataba, vituo vinaagiza kupitia halmashauri kwa bei inayojulikana. Ikaenda Morogoro na Shinyanga, na 2018 ikawa ya nchi nzima.

Sasa nieleze na machungu yake. Siku moja mama kaja na mtoto ana homa kali, kadi ya CHF iliyoboreshwa kaifungua kwenye pindo la kanga, kaizungushia nailoni isilowe, na ipo hai kabisa, mganga mfawidhi kaandika dawa, kufika dirishani anaambiwa haipo kanunue. Hakumwangalia mganga, aliniangalia mimi, manake mimi ndo nilisimama mkutano wa kijiji nikasema toeni elfu 30 watu 6 wa kaya mtatibiwa mwaka mzima. Kwenye kikao ndo tukajua kumbe oda ya mshitiri ilikua imekaa halmashauri inasubiri saini wiki tatu. Mwaka uliofuata yule mama hakulipia, na majirani zake wakamfuata, afisa mwandikishaji akawa anapita na simu yake nyumba kwa nyumba anarudi bila jina hata moja.

Tuliandika yote kwenye muhtasari. Unaenda halmashauri, unaingia kwenye faili, basi. Na sisemi kamati zote ziko safi, zipo ambazo wajumbe ni ndugu wa mwenyekiti wa kijiji na hawajui hata akaunti ya zahanati ina shilingi ngapi, hilo nalo lirekebishwe. Ila toka pesa zianze kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo sisi ndo tunakaa na mganga kupanga matumizi, tunajua dawa gani inaisha kabla ya mwezi kuisha na nani kashindwa kulipa kwa sababu mvua haikunyesha.

Ombi langu kwa Wizara na TAMISEMI, kila wanapopanga kitita cha huduma za bima na viwango vya kuchangia waite kwanza ile mihtasari ya kamati, wawaite wafamasia wa wilaya na waandikishaji wa vijijini wakae nao meza moja, sio kuletewa semina mambo yakishapita. Yule mama anakaa kitongoji cha pili kutoka kwangu, nikipita na habari za bima mpya najua ataniuliza oda ya dawa safari hii inasainiwa na nani na kwa siku ngapi.

Mjumbe wa zamani, kamati ya zahanati
Mkoa wa Dodoma