Tumdhamini jirani kwa mwenye nyumba, au tuchange yaishe?

Mhariri, naomba nafasi. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki, yaani majirani tunaosali pamoja, huku Mbagala, Dar es Salaam. Kuna karatasi ambayo mwenyekiti wetu anataka tuisaini, na nusu ya wanajumuiya hawataki hata kuiona. Natafuta ushauri kwa waliowahi kupita njia hii, wawe wa kanisani, wa msikitini au wa kikoba tu cha mtaani.

Karatasi yenyewe ni ya kumdhamini mpangaji. Mwanajumuiya mwenzetu, mama wa watoto watatu, fundi cherehani, anadaiwa kodi ya nyumba. Mumewe alikuwa bodaboda. Aligongwa mwezi wa pili, mguu ukawekwa vyuma, na kwa kuwa pikipiki ilikuwa ya mkataba, mwenyewe aliichukua akampa kijana mwingine. Kodi ya miezi sita iliisha baba akiwa bado anatembelea magongo. Mwenye nyumba alivumilia miezi miwili, kisha akaandika notisi: wahame, au walete miezi sita kwa mkupuo, tena kwa bei mpya. Chumba na sebule walikuwa wanalipa 60,000 kwa mwezi. Sasa anataka 75,000. Hiyo ni 450,000, ukiacha 120,000 za nyuma.

Mwenye nyumba simlaumu sana. Ni mstaafu, nyumba hiyo ndiyo inayomlisha, na Jumamosi alfajiri tunakaa naye benchi moja tukisali. Tulipomfuata alitujibu, "Mimi si Caritas," yaani lile shirika la misaada la Kanisa. Neno lilituchoma, ila naye ana mjukuu chuoni na ada haimsubiri. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Tangu hapo bei ni makubaliano ya watu wawili, na mwenye shida ndiye anayekubali haraka.

Walionishangaza ni sisi. Kadi ya harusi ikipita hapa, single 50,000 na double 100,000, watu wanalipa hata kwa kukopa. Huyu baba angefia barabarani siku ile, turubai lingesimama kabla ya magharibi na daftari la rambirambi lingejaa. Kwa kuwa alipona, mchango wa kodi yake ulipotangazwa tulipata 64,000, nyingi zikiwa za mia tano mia tano. Mzee mmoja alisema, "Kodi kila mtu analipa ya kwake," na vichwa vingi viliitikia.

Wa kwanza kuleta fedha ya maana hakuwa hata Mkatoliki. Jirani mwenye duka, Mwislamu, alileta 50,000 akasema ni sehemu ya zaka yake, maana katika mafungu 8 ya wanaostahili zaka, wenye madeni wamo. Nilirudi nikafungua daftari langu. Tuna mfuko wa wagonjwa, tuna wa misiba, tuna mchango wa mavuno na wa ujenzi wa parokia. Mwenye deni la kodi hana ukurasa.

Mwaka jana familia nyingine ilitufikia vyombo vikiwa vimeshatolewa nje. Hao walikuwa wamekopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, ili walipe kodi, marejesho kila wiki, na mwisho wakakosa nyumba na jokofu pia. Tuliwachangia wakiwa wamehifadhiwa kwa ndugu, watoto huku, wazazi kule, na fedha tuliyotumia ilizidi ile kodi waliyokuwa wamekosa. Ndiyo maana safari hii sikutaka tungoje.

Wapo wanaosema tuwasaidie kuhama wakapange sehemu ya bei nafuu. Nilienda Chamazi kuulizia. Chumba kimoja 45,000, na mwenyewe anataka miezi sita: 270,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 45,000. Kirikuu ya kubeba vyombo 40,000. Jumla 355,000, na lile deni la 120,000 bado liko palepale. Mtoto mkubwa yuko darasa la saba. Na cherehani ya mama ipo barazani kwenye nyumba hiyohiyo, wateja wanaokuja kupunguza suruali na kushona sare wanamjua hapo. Ukimhamisha umemnyang'anya na kazi. Hili ndilo ninaloshindwa kuwaelewesha wenzangu: wanaona 60,000 inaingia mfukoni kwa mwenye nyumba, hawaoni kwamba inashikilia kazi, shule na ndoa ya watu chini ya bati moja.

Tulimwita msaidizi wa kisheria wa huku kwetu. Alitueleza kwamba Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Wa kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akaongeza kwamba mdaiwa anayeonyesha mpango wa kulipa husikilizwa vizuri kuliko anayejificha. Yeye ndiye aliyetushauri tuache kumbembeleza mwenye nyumba kwa huruma, tumpelekee hesabu.

Tukampelekea. Deni la nyuma, 120,000, jumuiya inalimaliza mara moja. Baada ya hapo kodi italipwa mwezi kwa mwezi, bei ikibaki 60,000 hadi mwisho wa mwaka. Mama anasema cherehani inaweza kumpa 30,000 za kodi kila mwezi bila kuwalaza watoto njaa. Jumuiya itajazia 30,000 kwa miezi mitatu, hadi mumewe apate kazi ya kukaa, labda dukani. Ukijumlisha, mzigo wetu ni 210,000. Kwa mchango, ile zaka, na 130,000 zilizobaki mfuko wa wagonjwa, tuna 244,000. Inatosha.

Mwenye nyumba amekubali, sikutegemea. Ila ametoa sharti: viongozi watatu wa jumuiya wasaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba mama akishindwa ile 30,000 yake, wao watalipa. Hapo ndipo pagumu. Jumuiya yetu haijasajiliwa popote. Haina akaunti, ina kisanduku na daftari langu. Kwa hiyo atakayedaiwa si jumuiya, ni mimi, katibu na mwenyekiti. Mume wangu amesema nisithubutu. Katibu anasema atasaini kama mama ataandika kwamba ni mkopo, arudishe kidogo kidogo, ili mfuko usife. Mimi mkopo siutaki, nimeshaona kausha damu ilivyoanza kwa maneno laini. Lakini nusu ya jumuiya ni wapangaji, na nikitoa bure leo, kesho nitawajibu nini watano watakaokuja na notisi zao?

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima raha zaidi. Tangu jina lake litangazwe kwenye mchango, mama huyu haji tena jumuiya. Mwanaye ndiye anayekuja kuuliza tumefikia wapi, anasimama mlangoni. Nasikia kuna sehemu watu watatu tu ndio wanaojua anayesaidiwa, wengine wanachangia mfuko bila kuuliza jina. Huku kwetu wanasema mfuko wa siri ni mlango wa wizi, na kwa yaliyotokea kwenye vikoba kadhaa vya mtaa huu, siwezi kuwacheka.

Basi nauliza. Waliowahi kudhamini jirani, mliweka kikomo gani kwenye maandishi ili mdhamini asije akabeba mwaka mzima? Mliuita msaada au mkopo? Na mnafanyaje ili fedha ikaguliwe bila jina la mtu kuzungushwa mtaa mzima?

Kikao ni Jumamosi ijayo baada ya sala, na mwenye nyumba amesema tusiposaini, baada ya hapo anampa dalali funguo. Aliyewahi kusaini karatasi ya namna hii aniambie iliishaje, hata kama iliisha vibaya.

Mweka hazina,
Mbagala, Dar es Salaam